Nimeegesha Kivulini

Walimu wa hesabu tunaogopewa bure. Mimi nafundisha Hisabati darasa la sita hapa Kasulu, mwaka wa kumi na tatu sasa, na mada ya faida na hasara naijua kama njia ya kisimani kwetu. Lakini siku nilipokwenda kubadilisha gari, kijana mmoja mwenye kandambili alinifundisha mada hiyo upya, na ada yake ikawa milioni mbili.

Gari langu lilikuwa Corolla, namba B. Kwa asiyefuatilia mambo haya: namba za magari yetu huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu, na ile herufi ya kwanza ndiyo watu wanayoikazia macho. A ni mzee wa ukoo. B ameanza kutafuta fimbo. D bado kijana, na E ni bwana harusi, usimguse. Kumbe herufi haisemi gari lilitengenezwa lini, inasema liliandikishwa nchini lini. Gari la mwaka 1999 linaweza kuvaa namba D na kutembea kifua mbele, kama mtu mzima aliyebatizwa jana. Na kwa kuwa gari lililozidi miaka minane hutozwa ushuru wa ziada linapoingia nchini, wakongwe waliokwisha kuingia hawashuki bei kirahisi. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyasahau getini.

Tatizo la Corolla langu lilikuwa betri. Nyumbani tulikuwa tunaliegesha mteremkoni: asubuhi unaachia breki, unatia gia ya pili, linakohoa, linawaka. Baba watoto akanishauri nifanye vivyo hivyo kule yadi. Na hiyo yadi usidhani ni ile ya Dar es Salaam yenye vioo na dada wa mapokezi. Ni kiwanja kando ya barabara, magari manne, benchi moja na mparachichi. Nikaliosha gari mpaka likashangaa lenyewe, nikaweka oili nzito kidogo ili moshi uwe na adabu, nikaenda kuliegesha kwenye kijiteremko chini ya ule mparachichi.

Sisi Waha hatuingii kwenye fedha kabla salamu hazijaisha. Yule kijana alinisalimia kwa Kiha safi cha Heru Juu, akipiga makofi ya taratibu ya heshima kama nilivyokuwa nikimwona babu akifanya. Akauliza wazazi, akauliza watoto, akauliza mvua na maharage. Nikalegea. Laki tatu za kwanza, nahisi, zilikatwa na yale makofi.

Kisha akaligeukia gari, akanyamaza kidogo.

"Madamu, mbona umeegesha mteremkoni, na hapa tambarare pamejaa nafasi?"

"Nimefuata kivuli," nikasema.

Akaangalia juu. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na kivuli kilikuwa ng'ambo ya barabara.

Akamwita fundi. Nimewahi kulazwa, nimewahi kuzaa kwa upasuaji, lakini sijawahi kuona uchunguzi kama ule. Fundi aligonga bati kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Puti," akanong'ona. Akachomoa kijiti cha oili, akakinusa, akamtazama bosi wake kwa huruma. "Ringi." Akalikalia buti, likalia nyi-nyi-nyi. "Shokapu. Na bushi." Akafungua mlango wa abiria, akateremsha kioo, na kioo kikakataa kurudi mpaka nilipokuja mimi mwenyewe kukipandisha kwa viganja viwili, kama ninavyofanya kila siku. Nilipoinua macho nikakuta wote wawili wanatazama chini, kama watu walio msibani.

"Halafu, madamu," kijana akasema kwa upole, "hii ni gari ya chini. Barabara zetu hizi za vumbi, gari ya chini nani ataichukua? Nakupa milioni tatu, na hapo nakusaidia tu kwa kuwa wewe ni mwalimu wetu."

Tukahamia kwenye Spacio, namba D, rangi ya maziwa. Sasa kijana akachangamka. Hii imetoka Dar, imetembea kwenye lami tu. Injini haijaguswa. AC inagandisha. Ilikuwa ya dada mmoja wa benki, alikuwa anaendea kazini na kanisani. Milioni tisa na nusu.

"Lakini na hii nayo ni gari ya chini," nikasema.

"Madamu! Lami hiyo inakuja! Kilometa 260, kutoka Kabingo, Kibondo, Kasulu mpaka Manyovu mpakani. Lami ikishakamilika, gari ya chini zitagombewa kama migebuka."

Sikumbishia. Barabara ni ileile moja. Kwa gari langu ilikuwa vumbi, kwa gari lake ikawa lami, na mimi nikatikisa kichwa kukubali yote mawili.

Hapa ndipo nilipouzwa, na ningependa muone jinsi ilivyofanyika. Kijana hakutaka tena tuzungumzie bei ya Corolla wala ya Spacio. Alitaka tuzungumzie hela ya kuongeza tu. "Unaongeza sita na nusu, unaondoka." Nami nikaishika hiyo sita na nusu kama mbwa na mfupa. Nikapunguza, nikanuna, nikajifanya naondoka (kwa uangalifu, kwa sababu ningeondoka kweli ingebidi kusukumwa). Nusu saa baadaye akainua mikono: "Madamu, umeniweza. Lete milioni sita." Nilirudi nyumbani naendesha Spacio huku naimba.

Jumatatu yake nikaliweka jambo ubaoni. Mama fulani ana gari ambalo mfanyabiashara wa maharage alitaka kulinunua kwa milioni nne na nusu, taslimu, mwezi uliopita. Anataka gari ambalo mwalimu mwenzake, alipouliza bei ya taslimu, aliambiwa milioni nane na nusu. Mama huyo amebadilisha magari na kuongeza milioni sita. Tafuta hasara.

Mtoto wa dawati la mbele hakushika hata kalamu. "Milioni mbili." Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Madamu, huyo mama hakusoma?"

Niliwapa mapumziko mapema.

Jumamosi nikaosha Spacio. Chini ya zulia nikakuta vumbi jekundu la kutosha kupanda miche ya kahawa, na kwenye reli ya kiti punje kumi na nne za maharage ya njano. Dada wa benki alikuwa na ibada za namna yake. Nikajaribu kujituliza kwa kufuata taratibu: mkataba wa mauziano kwa wakili, picha za pasipoti, kadi, TIN, safari ya TRA kubadili jina. Kabla ya hapo nikaangalia deni la faini za barabarani la lile gari jipya. Faini nne. Elfu 30 mara nne, na hesabu hiyo niliifanya bila msaada wa mwanafunzi.

Kwa mazoea tu nikaingiza na namba ya lile Corolla langu, ambalo bado lilikuwa kwa jina langu. Elfu 30. Mahali: Kibondo. Kosa: mwendokasi.

Nikasoma mara tatu. Gari lile, mbele ya kibao cha 50, kwa miaka yote halikuwahi kunipa sababu ya kukanyaga breki. Nakiri nilijisikia kama mzazi aliyeitwa shuleni kwa mtoto mtundu ambaye siku zote alidhani ni mzubavu. Nikampigia yule kijana.

"Shikamoo madamu! Ah, lile? Limeshapata mwenyewe kule Kibondo, analisifu kila siku. Gari zima lile! Tulibadilisha betri tu."

Faini nimelipa. Jina nalo limebadilishwa, baada ya simu kumi na moja na kitisho kimoja cha kwenda polisi. Lakini tangu wiki iliyopita Spacio nayo imeanza kusitasita asubuhi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama uko Kasulu, Kibondo, Kakonko au hata Buhigwe na unatafuta gari: lipo la mwalimu wa kike, namba D, limetoka Dar, AC inagandisha, halidaiwi, maelewano yapo. Njoo ulitazame. Ukilikuta limeegeshwa mteremkoni, nimefuata kivuli.