Sifa za Saa Isiyosema Kweli

Katika kero zote za kuweka mifumo endeshi miwili kwenye laptopu moja, Windows na Ubuntu, hakuna iliyonyimwa shukrani kama saa kwenda mrama. Watu huilaani wakati ilistahili kutungiwa wimbo.

Ndani ya laptopu mna kisaa kidogo kinachohesabu hata mashine ikizimwa. IBM ilikiweka kwenye kompyuta yake ya PC/AT mwaka 1984, na hadi leo hakina pa kuandika kinafuata saa za nchi gani. Windows, mrithi wa DOS, hukiandikia saa za hapo ulipo. Linux, ukoo wa Ubuntu, kwa mila za Unix, hukiandikia saa za dunia, UTC. Ni kama wapangaji wawili wenye kalenda moja ukutani wasiosemezana.

Mtazame karani wa Dar es Salaam. Amezima Ubuntu, amewasha Windows. Ni saa tatu asubuhi, lakini pembeni mwa kioo pameandikwa 6:00. Kabla intaneti haijairekebisha saa, anahifadhi ripoti yake, na faili hilo litashuhudia daima kwamba mwenyewe alikuwa mezani tangu saa kumi na mbili. Bosi gani atabisha?

Tena, karani ananolewa akili. Anasoma sita, anajumlisha tatu anapata tisa, kisha anatoa sita ili aseme saa tatu kama Mswahili yeyote. Haya yote kabla ya chai.

Lakini riziki hii haigawanywi sawa. Kinshasa wanapata saa moja tu, Lubumbashi mbili. Dar, Nairobi na Kampala tatu. Muscat nne nzima. Maskini mkazi wa London hapati hata dakika majira ya baridi. Husubiri kiangazi ndipo aonje saa moja.

Wapo wanaotaka kuyamaliza haya. Kwenye Linux huandika amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, na ugomvi unakwisha. Linux hutii huku ikinung'unika: hutoa onyo kwamba mpangilio huo utaleta matatizo saa zinaposogezwa kwa majira. Bahati mbaya, Tanzania na Kenya hazisogezi saa. Tiba hiyo hufanya kazi bila dosari, na ripoti za karani huanza kuonyesha saa aliyofika kweli.