Farasi wa Ziada

Injini ya Volkswagen Beetle 1600 ilitoka kiwandani na cc 1,584 na nguvu za farasi zipatazo 50, ambazo mwenye gari huziona haba. Bloku huchongwa ili pistoni za milimita 85.5 zipishe za milimita 94, na kwa krenkishafti ileile ujazo hufika cc 1,915. Kabureta moja huwa mbili. Hizi hupatana siku fundi anapolipwa tu, kesho yake moja inakohoa. Joto nalo hupanda, kwani injini hupozwa kwa hewa na feni haikuarifiwa kuwa kuna wageni. Klachi husalimu amri. Breki za dramu hazijaguswa: fedha ziliishia kwenye bomba la moshi, kwa ajili ya majirani.