Pampu ya Shemeji

Shemeji alipoishusha pampu kwenye bodaboda, akitokea Handeni, nyumba nzima tulitoka kuipokea. Mbuzi wa mama mkwe walikuwa wameuzwa ili inunuliwe, na nyanya zetu za bondeni, kando ya Mto Pangani hapa Korogwe, zilishaanza kusinyaa. Akatuhakikishia kuwa mwenyewe aliivuta kamba mara moja tu, ikanguruma.

Asubuhi ikagoma. Alivuta yeye, akavuta mume wangu, nikavuta mimi, viganja vikavimba. Ilipokubali ilitoa moshi wa buluu ukajaa migombani, kisha ikazima. Mchana shemeji hakuja kula. Mume wangu naye hakumtaja. Ndugu wawili wakinuniana, chakula hakipiti kooni mwa mtu yeyote.

Jioni fundi akafungua plagi: nyeusi, imelowa oili. Akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akaniambia, "Mama, vuta." Injini nzima hukisukuma kidole kikabanduka, hii ilipumua kidogo tu. Ringi zimelika, akasema, oili inapanda kwenye silinda na kuungua, ndiyo sababu ya moshi ule. Akamwaga oili kidogo kwenye kifuniko, ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalishaingia ndani. Injini iliyochoka hivyo huwaka kwa urahisi ikiwa bado ina joto, kwa hiyo aliyeiuza huenda aliipasha kabla ya mteja kufika.

Maneno makali yakaanza. Mama mkwe akayakata. Yeye kazaliwa Handeni, kakua akichota maji lamboni, kila mtu na ndoo yake kichwani. Leo maji ya Pangani huu huu yanapelekwa kwao kwa bomba la mradi wa maji wa HTM, na bado anapima maji ya kunawa kwa kikombe. "Mmemtuma peke yake kununua kitu cha watu wote," alisema. "Mlitaka aone nini?" Nilimwunga mkono, na mpaka leo namwunga mkono.

Pampu ya pili tuliifuata wote. Mama mkwe aliamkia wenyeji, kisha akaweka kiganja kwenye silinda kabla hajakaribishwa kiti. Ilikuwa baridi. Shemeji akavuta, ikawaka, moshi ukapungua mpaka hauonekani. Fundi hakuridhika. Maji ya mtoni yana mchanga, na mchanga hula mapanga ya impela. Injini inaweza kunguruma vizuri huku maji hayapandi. Akaomba kasha lifunguliwe. Akatukumbusha pia kuikagua hozi ya kuvutia, maana ikipitisha hewa pampu haivuti, na hata hozi ikiwa nzima tusiiweke pampu zaidi ya mita 7 juu ya maji.

Mapanga yalikuwa mazima. Mama mkwe akakubali kukaa, na shemeji ndiye aliyepewa kazi ya kujadili bei.