Wa Kamiti Tunawakatia Simu, wa Barua Pepe Je?

Aka! Watu wa ofisini watanitoa roho. Mtu yuko kwenye matatu ya Ngong Road, simu inalia: "Nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie." Hamalizi kusikiliza. "Wewe uko jela ya Kamiti, wacha kunizoea!" Kata! Abiria wanacheka, naye anashuka mjini kifua mbele.

Sasa mfuate ofisini. Anafungua kompyuta, anakuta barua pepe ya "KRA", wale wa kodi: ulilipa kodi kupita kiasi, bofya hapa kabla ya saa sita urudishiwe. Lo! Ujanja wote umebaki kwenye matatu. Anatoa nywila ya iTax, anatoa namba ya kadi ya benki, anatoa hata zile tarakimu tatu za nyuma! Na anwani ya mtumaji ni ya Gmail, jamani. Tangu lini KRA yenyewe ikaandikia walipa kodi kwa Gmail, na anwani zao huishia kra.go.ke? Lakini ni Juni, ritani zinafungwa tarehe 30, roho iko juu. Matapeli nao wana kalenda ukutani.

Tena kuna mhasibu, huyo ndiye aliyenitia uchungu. Barua imekuja kwa jina la bosi: "Niko mkutanoni, usinipigie. Mlipe huyu sasa hivi, akaunti yake imebadilika." Bosi yuko chumba cha pili! Ukikohoa anakusikia! Akalipa. Mnamwita mjinga, mimi nakataa. Bosi mwenyewe huandika vivyo hivyo kila siku, kwa amri na haraka, na anayeuliza hufokewa mbele ya wenzake. Tapeli alikuta mtu ameshafunzwa kutii.

Ndiyo, sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 iliwawekea wanaotuma barua za kunasa nywila faini ya hadi shilingi 300,000 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Haya, mkamate kwanza! Pesa zimeshahama akaunti tano.

Ukishabofya, ndugu yangu, usikae na siri kwa aibu. Pigia benki, mwite mtu wa IT, badilisha nywila, dakika hiyo hiyo. Nanyi wakubwa, mhasibu akibisha mlango kuuliza kama kweli mmeagiza malipo, msimkunjie uso. Mjibuni, kisha mshukuruni.