Waya Wake Uko Wapi?

Mtu akinunua shuka huulizwa bei. Akioa, huulizwa mke katoka kwa nani. Mimi nimenunua gari ya haibridi, na tangu hapo nimegeuzwa ofisi ya maswali ya umma, bila mshahara na bila likizo ya sikukuu. Kahawa sinywi kikombe kikaisha. Nikiketi tu barazani Jaws Corner, hata kashata sijaitia mdomoni, pembeni kuna mtu keshakohoa kile kikohozi cha mwenye swali. Na swali ni lile lile, aulize mtoto wa chuoni, mvuvi wa Malindi, au mwalimu mstaafu ambaye mimi nilimtegemea kwa jambo zito zaidi: "Yakhe, gari hiyo unaichaji wapi?"

Siichaji. Haina hata tundu la kuchomekea waya. Ni Toyota Aqua, imetoka Japani ikiwa imeshatumika, inatiwa petroli kama gari nyingine yoyote.

"Sasa huo umeme unatoka wapi?"

"Mwingine kwenye injini, mwingine kwenye breki."

Hapo baraza zima hucheka. Breki kazi yake kusimamisha gari, leo imeajiriwa kutoa umeme! Nikaeleza kwa utuvu: ukiinua mguu kwenye mafuta au ukikanyaga breki, mota inayosukuma magurudumu huacha kusukuma, na magurudumu yenyewe ndiyo yanaizungusha. Ni dainamo ya baiskeli hasa, ukiibana kwenye tairi taa inawaka na pedali inakuwa nzito. Uzito ule ndio unaopunguza mwendo wa gari, na umeme wake unarudi kwenye betri badala ya kupotelea kwenye joto la breki. Mzee mmoja aliyekuwa na Raleigh ujanani akatikisa kichwa taratibu, nikafurahi kuwa leo nimepata hata mtu mmoja. Akasema: "Basi nitafutie dainamo hiyo niifunge kwenye gari yangu ya ng'ombe."

Nikajaribu kujitetea kwa historia. Kwamba London ilikuwa na teksi za umeme mwaka 1897. Kwamba Ferdinand Porsche aliunganisha injini ya petroli na mota za umeme kwenye gari moja mwaka 1900. Kwamba Prius imeanza kuuzwa Japani mwaka 1997, kwa hiyo hata hii yangu si bidhaa ya majaribio. Nawashauri wenzangu msifanye hivyo kwenye baraza la Mji Mkongwe. Ukitaja tu mwaka wa zamani, atatokea mmoja akukumbushe Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash, 1883, jengo la kwanza kisiwani kuwa na taa za umeme, na lifti juu yake. Hapo gari imeshasahauliwa, saa nzima mnazungumza habari za Sultani, na kahawa unalipa wewe.

Tuseme ingekuwa gari ya kuchaji kweli. Mimi nakaa Kiponda, ghorofa ya tatu, kwenye kichochoro ambacho mwenye kapu akikutana na mwenye baiskeli mmoja lazima arudi kinyumenyume. Gari yangu inalala Darajani kama mgeni aliyekosa chumba. Waya utoke dirishani kwangu, upite juu ya kamba za nguo, ukate kona mbili, uvuke mlango wa msikiti, ufike Darajani? Nusu ya mtaa wangekuwa wanachaji simu njiani. Jirani anayekopa chumvi angeanza kukopa yuniti za tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla.

Halafu kuna watu wa mvua. Hawa huja wakati wa masika, maji yakishatuama kwenye Barabara ya Benjamin Mkapa, ile ambayo wazee hawajaacha kuiita Creek Road, kwa kuwa kabla ya kujazwa udongo palikuwa na mkono wa bahari. "Ukipita na gari hiyo majini, hatutapigwa shoti sote?" Nawajibu kwamba nyaya za umeme mkubwa, zile za rangi ya chungwa, zimefungwa vizuri, na kompyuta ikigundua hitilafu inakata umeme papo hapo. Mvua haina neno. Maji ya bahari ndiyo habari nyingine: Florida mwaka 2022, baada ya kimbunga Ian, gari kadhaa za umeme zilizozama kwenye maji ya chumvi ziliwaka moto, nyingine siku kadhaa baadaye, zimeegeshwa zimetulia. Kwa hiyo kijana aliyeniuliza kama yangu inaweza kuvushwa Pemba kwa jahazi nilimjibu kwa heshima zote, huku nikiipima kwa macho hatua iliyobaki kufika pwani.

La ukimya sina utetezi. Ulaya wameliona, tangu 2019 wanadai gari mpya za umeme zitoe mlio zikienda polepole. Yangu mimi ikiwa inatumia betri hupita Mlandege kama mtu asiyetaka kudaiwa. Hamali hasogei, muuza machungwa hageuki, na siku ile bibi mmoja alipogeuka akaona bampa imemfikia kwenye buibui, alianza Ayatul Kursi kwa sauti na hakuikatiza mpaka nilipopotea machoni. Simlaumu. Kitu kinachokufikia mgongoni bila mlio, Unguja kina jina lake, na jina hilo si Toyota.

Ndani ya gari, kwa upande mwingine, kuna maneno mengi. Kila nikiiwasha, mwanamke wa Kijapani hunisemesha kwa adabu kubwa. Nimeambiwa anachosema ni kwamba kadi ya kulipia barabara haimo kwenye mashine yake. Kadi yenyewe ni ya barabara za kwao. Hapa kwetu barabara inalipiwa kwa springi. Kumnyamazisha hakuna aliyeweza. Mama yangu keshamzoea, humwitikia "Marhaba", maana anasema sauti yenyewe tu inaonyesha ni mtoto aliyelelewa.

Nije kwenye siku ya fedheha. Darajani, saa nne asubuhi, mashahidi wa kutosha kufungisha ndoa kumi, gari ikakataa kuwaka. Sikilizeni jambo hili, kwa sababu wauzaji hawalisemi. Gari hii ina betri mbili. Kubwa, ya volti 144, iko chini ya kiti cha nyuma, na siku hiyo ilikuwa na umeme wake kamili. Iliyokufa ni ile ndogo, ya volti 12, sawasawa na ya gari zenu. Ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta, na kompyuta isipoamka, kubwa haifunguliwi mlango. Vijana wakaja mbio kusukuma. Nikawaambia jamani, gari hii haisukumwi ikawaka. Wakasukuma vivyo hivyo, kwa ajili ya thawabu, mpaka mbele ya soko. Mwisho tukaazima umeme kwa gari ya abiria ya njia ya Bububu, chakavu, mlango umefungwa kwa kamba, injini inanguruma kama inatudhihaki. Habari kwamba gari ya umeme imekosa umeme ilifika nyumbani kabla yangu. Mke wangu alikuwa kashapata matoleo matatu, na katika moja kati ya hayo mimi mwenyewe nilipigwa shoti nikalala chini.

Fundi wangu wa Jang'ombe hakushangaa. Huyu ni fundi hodari, injini anaijua kwa kuisikiliza tu, lakini umeme mkubwa anauchukulia kama mambo ya ndoa za watu. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa tuondoe "takataka zote za betri", ibaki petroli tupu. Tukafungua boneti kutafuta stata. Hakuna. Tukatafuta altaneta. Hakuna. Injini ya gari hii inaamshwa na mota ile ile ya haibridi, kwa hiyo ukiondoa takataka zake unabaki na banda la kuku lenye mikanda ya usalama. Fundi akaifunga boneti polepole, akafuta mikono, akaniuliza kama sijafikiria Vespa.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba pembeni ya kiti cha nyuma kuna kitundu cha feni ya kupozea betri kubwa. Kitundu kile kikiziba, betri inapata joto, na joto ndilo linaloizeesha. Sasa nenda kawaeleze watu wanaotoka Jambiani na mchanga miguuni na watoto watano kiti kimoja. Shangazi yangu wa Makunduchi, kila nikimbeba, kapu lake la muhogo huliegemeza hapo hapo, barabara, kama kuna aliyempimia.

Maswali yote haya nayalalamikia, lakini moja lilininyamazisha. Mpwa wa jirani alikuwa anafikiria kuleta Nissan Leaf, ile isiyo na injini kabisa. Barazani ikapigwa hesabu. Unguja kutoka ncha hadi ncha haifiki kilomita 90, na Leaf ya 2011 Wamarekani waliipima kilomita 117 kwa chaji moja ikiwa mpya. Ikishakuwa mtumba, na betri yake isiyo na cha kuipoza imeshakula majua ya watu, Nungwi utafika. Kurudi kunamtegemea Mungu na mwenye hoteli. Vijana wakasema Ethiopia mwaka 2024 imezuia kuingizwa gari za mafuta, sisi tunangoja nini? Mzee mmoja wa Malindi, aliyekuwa kimya muda wote akicheza dhumna, akauliza bila kuinua macho: "Na mwaka ule, mngechaji kwa karafuu?"

Kila mtu alijua mwaka upi. Mei 2008 umeme kutoka Bara uliharibika, tukakaa gizani karibu mwezi. Desemba 2009 ukaharibika tena, na mpaka ukarejea ilikuwa Machi 2010. Miezi mitatu ya majenereta milangoni, maji hayapandi, samaki wanauzwa asubuhi kwa bei ya kutoa sadaka. Tulikuwa tunategemea waya mmoja wa chini ya bahari uliowekwa mwaka 1980. Tangu 2013 tuna mwingine, wa megawati 100, uliowekwa kwa fedha za Wamarekani, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Lakini mtu aliyewahi kuoga kwa kikombe miezi mitatu humwambii megawati.

Nilijibu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu siku hizi, kwamba petroli nayo haichimbwi Chwaka. Inakuja kwa meli, bei yake ZURA, wadhibiti wa nishati, wanaitangaza kila mwezi, na meli ikichelewa tunajipanga vituoni na madumu. Umeme angalau sasa unazalishwa Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere, na Rufiji hatukuanza leo: boriti zinazoshika dari za nyumba hizi za mawe zilikatwa kwenye mikoko ya huko, hata upana wa vyumba vyetu ulipimwa kwa urefu wa boriti. Nikaona nimesema vizuri. Mzee akaweka jiwe lake la mwisho, akashinda, akasema boriti ikishafika imefika, haikatiki usiku.

Juzi nimempeleka shangazi kwao. Njia nzima alikuwa kimya, kapu mahali pake, na mwanamke wa Kijapani keshasema yake na kuitikiwa. Tulipofika karibu na Kitogani akauliza hiyo betri kubwa inaishi miaka mingapi. Nikamwambia inategemea. "Na ikifa, mtaizika wapi? Kisiwa chenyewe ndicho hiki." Nikasema nitamuuliza fundi. Nimemuuliza. Fundi kaniambia muulize yule Mjapani wako, maana kila siku yeye ndiye anayeanza mazungumzo.