Sifa za Ekzosi Iliyooza

Washairi wa Pwani wamesifu upinde, wamesifu mnazi, wamesifu hata tambuu. Hakuna aliyeinama uvunguni mwa gari akaisifu ekzosi, hasa ile iliyokwisha kuoza, inayoning'inia kwa waya na kukwaruza lami kwenye kila tuta. Injini inasifiwa, rangi inasifiwa, redio inasifiwa. Kiungo kinachomeza moshi wa wote hakikumbukwi mpaka siku kitakapopasuka, na siku hiyo hukumbukwa kwa matusi.

Ninayoitetea hapa ni ya Peugeot 504, pikapu ya dizeli, ile ambayo Wakenya waliizoea kwa jina la Pijo wakaibebesha kabichi za Wundanyi, magunia ya makaa na bibi harusi. Ndugu zake wa petroli walishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Gari langu halijashinda kitu ila mlima wa kutoka Mwatate kwenda Wundanyi, na huo kwa gia ya pili, huku sauti yake ikitangulia kona mbili mbele.

Tuanze na rangi. Watalii huvuka bahari kuja kuona ndovu wekundu wa Tsavo, na wanalipa dola. Ndovu hao hawakuzaliwa wekundu. Wamejigaragaza kwenye vumbi letu, na vumbi letu ni jekundu kwa sababu lina chuma kilichopata kutu. Kule Kishushe watu wamechimba chuma hicho na kugombania nani ale na nani aangalie. Ekzosi yangu haikugaragara wala haikugombana na mtu. Wekundu wake umetoka ndani yake yenyewe. Ukiliegesha gari pale mtaa wa Sofia, hapa Voi, kipande kikimeguka kikadondoka huwezi kukitofautisha na ardhi, na wala hakuna haja, kwa kuwa kimefika kwao.

Halafu kuna suala la maji, ambalo Voi si suala dogo. Wengi hawajui kwamba lita moja ya dizeli ikiungua huzaa takriban lita nzima ya maji. Haidrojeni iliyomo kwenye mafuta hukutana na oksijeni ya hewa, na mvuke unaotokea hupitia kwenye bomba la moshi. Ukienda Mombasa bomba hupata moto njia nzima na mvuke wote hutoka. Lakini ukiwa mtu wa safari fupi, Mwakingali mpaka sokoni na kurudi, sailensa haipati moto wa kutosha. Maji hubaki tumboni mwake, hukutana na salfa ya dizeli, hugeuka tindikali na kuanza kula bati kutoka ndani. Kabla ya Januari 2015 dizeli yetu iliruhusiwa salfa sehemu 500 kwa milioni. Kisha ikashushwa hadi 50. Ekzosi yangu ilikulia zama za 500. Kwa hiyo shimo lake halikutobolewa na jiwe, kama fundi wa kwanza alivyodai. Lilipikwa polepole, miaka na miaka, kwa maji ya kujitengenezea.

Sasa pimeni wenyewe. Chemchemi za Mzima zimo katika kaunti hii, na tangu miaka ya 1950 bomba linachukua maji yake kuyapeleka Mombasa, huku watu wa hapa wakipanga mitungi kwenye foleni. Bomba langu limefanya kinyume. Limeyatengeneza maji yake hapa hapa na hapa hapa likayaweka, wala tone halijateremka pwani. Ni machache, ni machungu, yana tindikali. Lakini ni yetu.

Kuhusu sauti, nitasema wazi jambo ambalo wanaume wenzangu hawatalipenda: mwenye ekzosi mbovu hawezi kuwa na mpango wa kando. Aegeshe wapi? Azime vipi? Mtaa mzima unajua ametoka saa ngapi, amepinda wapi na amekaa kwa muda gani. Mama watoto husikia mngurumo ukiwa bado upande wa pili wa reli, akabandika maji ya ugali, na ninapofika yanachemka. Kuna watu hulipia mitambo ya kufuatilia gari kwa simu. Mimi yangu haihitaji hata bando.

Wakulima wa Sagalla wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu, pamoja na ukubwa wote ule, anaogopa nyuki. Ni kazi nzuri, na asali juu yake. Nashangaa tu kwamba hakuna aliyekuja kuniomba gari likanguruma mpakani mwa shamba usiku mmoja, kwa majaribio.

Maadui wake hawakosi hoja. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani. Sitabishana na madaktari. Sheria ya trafiki inataka kila gari liwe na sailensa, na kanuni za kelele za mwaka 2009 nazo zipo. Lakini tazameni neema: moshi ulipoanza kupenya sakafuni ndipo tulipogundua kwamba vioo vya milango vinaweza kushuka. Tangu hapo abiria wangu wote husafiri kwa hewa ya milimani, mvua inyeshe isinyeshe.

Na wezi? Mjini wanaingia chini ya magari ya kisasa usiku kukata kile kikopo cha kusafisha moshi, kwa kuwa ndani yake mna platini. Kwenye langu hamna platini, hamna kikopo; atakayelala chini yake atatoka na kutu machoni. Bei yake ni ya kilo tu. Hata hiyo ilipotea Januari 2022, serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Kwa miezi michache, mpaka marufuku ilipoondolewa Mei, nilimiliki kitu ambacho hakuna binadamu aliyeruhusiwa kukinunua. Ni matajiri wangapi wanaweza kusema hivyo?

Lakini hata mfalme hung'atuka. Siku waya ulipokatika kwenye tuta na nusu ya ufalme ikabaki barabarani, niliiokota nikampelekea fundi pamoja na sehemu iliyosalia.

Bolti zinazoshikanisha ekzosi na manifoldi zinastahili utenzi wa peke yake. Zilitoka kiwandani zikiwa bolti na nati. Miaka na moto vimezifungisha ndoa isiyo na talaka. Fundi alizimwagia mafuta ya breki, akaziacha, akaenda kunywa chai. Aliporudi alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta. Spana ikateleza, vidole vikapiga chasisi. Alisema neno ambalo sitaliandika.

"Fundi, itatoka kweli?"

"Mzee, hii haijui spana tena. Hii ni ya gesi."

Akaielekezea nati ndimi za moto mpaka ikaiva, akaigonga ubavuni kwa nyundo, ikalia kidogo, ikazunguka. Ya pili haikukubali. Kichwa kilibaki mkononi mwake na shina likabaki ndani ya manifoldi, na hapo ndipo asubuhi ikawa alasiri.

Ekzosi mpya ya gari hili haikai kwenye rafu ikikungoja. Hununuliwa bomba la inchi mbili kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kisha likakunjwa. Ukilikunja hivi hivi linabonyea kwenye kona na moshi unakosa njia. Fundi alilijaza mchanga mkavu wa Mto Voi, akaushindilia kwa kugonga ubavu wa bomba, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu, mvuke utakitoa kigingi kama risasi. Akapasha moto mahali pa kona peke yake, akavuta taratibu, akasimama, akapima, akavuta tena.

Na alipima kwa nini? Kwa ile iliyooza. Aliilaza chini kwenye mchanga, vipande vitatu vilivyopangwa mfano wa mifupa, na kila kona ya bomba jipya ikashikwa juu yake kuona kama inalingana. Pale inapopanda kuvuka ekseli ya nyuma, pale inapokwepa tangi la mafuta, yote alisoma kwenye kutu. Hakuna kitabu, hakuna mchoro. Ekzosi mbovu ilimfundisha nzuri namna ya kupita.

Kabla ya kuchomelea alifungua waya wa betri ili umeme wa mashine usiunguze altaneta. Raba za kuning'inizia alikata kwenye tairi kuukuu. Gasketi ilikuwa mpya, kitu pekee kilichotoka ndani ya karatasi yake. Jioni akaniambia niwashe.

Kimya. Yaani injini inasikika, lakini kwa adabu, ikigonga kidizeli dizeli kwa mbali. Tulizunguka mpaka stejini na kurudi, na njiani nikaanza kusikia mambo mengine. Mlio mwembamba nyuma, upande wa kulia. Mluzi unaopanda nikiongeza mwendo. Kitu kinachogonga chini ya kiti kila nikibadilisha gia.

"Huo wa nyuma ni beringi," fundi akasema, ameinamisha kichwa. "Huo mluzi ni difu. Hiyo ya kugonga, tutaangalia. Vilikuwepo siku zote, mzee. Ulikuwa huvisikii."

Nilimuuliza lile bomba la zamani liko wapi. Kijana wa skrapu alikuwa ameshalipima na kuondoka nalo.