Sonona Haina Jumla: Tuhesabu Kuanzia Saba

Mswahili hasalimii kwa jumla. Atakuuliza habari za asubuhi, ukishajibu atauliza za watoto, za kazi, za shamba, na yule mgonjwa wenu anaendeleaje? Kila jambo na swali lake. Utafiti wa sonona (depression) ulichelewa kuupata ustaarabu huu. Kwa miaka mingi uliuliza dalili moja moja, kisha ukazimimina zote kwenye sufuria moja na kuandika namba. Sasa wapo watafiti wanaozichambua kama mchele, punje kwa punje. Twende nao, saba hadi moja.

7. Risiti mbili, vikapu viwili
Dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, lililotoka mwaka 2001, lina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3. Tuseme dada mmoja hapati usingizi, chakula hakipiti, kachoka na moyo mzito: 3 mara nne, 12. Jirani yake analala hadi adhuhuri, anakula hashibi, kachoka na moyo mzito: 12 vilevile! Dodoso limeweka kukosa usingizi na kulala kupita kiasi katika swali moja, na chakula hivyo hivyo. Jamani, risiti zikilingana sokoni haina maana wote mmenunua dagaa.

6. "Nina mawazo"
Mtu wetu akilemewa hasemi amepoteza raha katika shughuli zake. Anasema ana mawazo. Washona wa Zimbabwe wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na dodoso lao la maswali 14 linaiulizia. Dar es Salaam nako Sylvia Kaaya na wenzake walipima dodoso la hapahapa lenye maswali 19, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Katika yale 9 ya PHQ-9, mawazo mengi hayana swali lake. Ukitaka kumkuta mwenyeji, bisha mlango anaoutumia.

5. Mafundi saba, futi saba
Mwaka 2017 mtafiti Eiko Fried alichukua madodoso 7 ya sonona yanayotumika sana akayalinganisha swali kwa swali. Akakuta dalili 52, na asilimia 40 ya hizo zilikuwa kwenye dodoso moja tu. Chukua kulia: dodoso la Beck linauliza, PHQ-9 haliulizi. Yaani machozi yaleyale, huku yana alama, kule hayana. Nguo ikija fupi, msimlaumu mvaaji.

4. Wagonjwa 3,703, na kila mtu na mzigo wake
Fried huyohuyo na Randolph Nesse, mwaka 2015, walifungua takwimu za STAR*D, jaribio kubwa la tiba la Marekani. Wagonjwa 3,703, wote wameambiwa wana sonona. Michanganyiko ya dalili ilikuwa mingapi? 1,030! Ule uliokuwa na watu wengi kuliko yote ulipata asilimia 1.8 tu, na karibu nusu ya michanganyiko ilikuwa na mtu mmoja mmoja. Hapo ni kama umesimama Kariakoo saa sita mchana, halafu mtu akuambie wote wamebeba kitu kimoja.

3. Kilichokuumiza huchagua pa kuuma
Watafiti Keller, Neale na Kendler, mwaka 2007, walifuatilia watu 4,856. Waliofiwa au kuachwa na mpenzi walijaa huzuni, raha ikapotea, hamu ya kula ikakatika. Wenye shida za muda mrefu walielemewa zaidi na uchovu na usingizi mwingi. Huyu hajagusa wali wake, yule hainuki kitandani, nasi tunawaambia wote "jikaze". Hata hilo jikaze lenyewe halijui liende kwa nani kufanya nini.

2. Dawa iliyofichwa na hesabu
Kipimo cha sonona cha Hamilton, cha mwaka 1960, kina maswali 17, matatu yakiwa ya usingizi peke yake, na mengine yanagusa tumbo na hamu ya tendo la ndoa, mambo ambayo dawa yenyewe inaweza kuyavuruga. Mwaka 2016 Fredrik Hieronymus na wenzake, Sweden, walichambua upya takwimu za majaribio ya dawa za sonona aina ya SSRI. Kwa jumla ya alama, milinganisho 18 kati ya 32 haikuonyesha tofauti na kidonge kisicho na dawa. Walipotazama swali moja tu, la huzuni, iliyoshindwa ilibaki 3. Golikipa hapimwi kwa magoli aliyofunga.

1. Swali la tisa
Hapa utani nauweka chini. Swali la mwisho la PHQ-9 linauliza kama katika wiki 2 zilizopita umewaza kwamba heri ufe, au umewaza kujiumiza. Mtu anaweza kujibu "siku kadhaa", akapata alama 1, na jumla yake ikawa 4, mbali na ile 10 inayotumika sana kama mstari wa kushtuka. Jumla inamwambia nenda nyumbani. Ile alama moja inasema vuta kiti, tuzungumze. Mhudumu anayeijua kazi yake hulitazama swali hilo peke yake, na jibu lolote lisilo sifuri hulifuatilia.

Nawe salamu unazo tayari, ndugu yangu. Mwenzako akisema "nzuri" na uso unakataa, usipokee jumla. Habari za usingizi? Chakula kinapita? Mawazo je? Na ukiona uzito, uliza kwa neno lenyewe: unawaza kufa? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Fuatana naye hospitali, na huko mlangoni msiseme tu "ana sonona". Semeni dalili zake, moja moja.